Somo la Leo: Daftari Ndani ya Kompyuta

Leo tutaeleza jinsi kompyuta ilivyoanza kumkumbusha mtu shughuli zake.

Mwaka 1984 kampuni ya Borland, huko Marekani, ilitoa programu iitwayo Sidekick. Mtu aliye katikati ya kazi nyingine alibonyeza vitufe viwili tu, na mara alipata kalenda na daftari.

Mwaka 1988 kampuni ya Lotus ilitoa Agenda. Hapa mtu aliandika kwanza, kupanga kukafuata. Akiandika kwamba atamwona fulani Jumanne, programu iliweka maneno hayo chini ya jina la fulani, na tena chini ya tarehe ile.

Fundisho ni hili: usingoje mpango ndipo uandike. Jambo lisiloandikwa husahauliwa.

Zoezi: Andikeni shughuli tatu za kesho, kisha mzipange.