Jinsi korona ilivyowateremsha abiria kwenye matatu

MARADHI ya kuambukiza yanapozuka, mtu wa mjini hujiuliza kwanza atafikaje kazini. Anayefanya kibarua Industrial Area na kulala Kawangware hana uwezo wa kujifungia nyumbani hadi mambo yatulie. Ni lazima asafiri, na kila njia ya kusafiri ina hatari yake.

Hayo yalidhihirika humu nchini mwaka 2020. Kisa cha kwanza cha Covid-19 kilitangazwa Machi 13 na aliyekuwa Waziri wa Afya, Bw Mutahi Kagwe. Wiki moja baadaye serikali iliagiza matatu za abiria 14 zibebe wanane pekee, za 25 zibebe 15, na magari makubwa yasizidishe asilimia 60 ya viti vyake. Kafyu ya kuanzia saa moja jioni ilianza Machi 27, na kuanzia Aprili 6 hakuna aliyeruhusiwa kuingia Nairobi na viunga vyake wala kutoka, hadi Julai.

Wenye matatu nao walipiga hesabu zao. Mafuta yalikuwa yale yale, mkopo wa gari ule ule, na abiria wamepungua karibu nusu. Nauli ikapanda, na katika njia nyingi ikawa maradufu. Wakati huo huo, watu walikuwa wakikatwa mishahara au kufutwa kazi.

Jijini London, abiria wa treni za chini ya ardhi walipungua kwa zaidi ya asilimia 90 mwezi Aprili mwaka huo, kwa sababu waliofanya kazi za ofisini walibaki nyumbani na kompyuta zao. Bogotá, nchini Colombia, ilitenga kilomita kadhaa za barabara kwa ajili ya baiskeli. Jirani zetu wa Uganda walipiga marufuku bodaboda kubeba watu hadi mwishoni mwa Julai. Zikabaki kubeba mizigo tu. Hapa kwetu, mwenye gari alilitumia, mwenye vijisenti akapanda bodaboda, na wengine wakatembea.

Je, waliohama matatu walikuwa na sababu? Kwa upande wa maambukizi, ndiyo. Mtu mzima aliyeketi huvuta na kutoa takribani lita sita hadi nane za hewa kila dakika. Watu 14 wakikaa ndani ya Nissan kwa saa moja, wakiwa wamekwama kwenye msongamano wa Jogoo Road, watatoa karibu lita 6,000. Kiasi hicho hakiko mbali na hewa yote iliyomo garini. Madirisha yakiwa yamefungwa, kila abiria anavuta kilichotoka kwenye mapafu ya jirani yake.

Mwanzoni mwa janga hilo, mkazo ulikuwa kunawa mikono na kupangusa viti. Makanga alisimama mlangoni na chupa ya sanitaiza kama askari wa zamu. Baadaye ilibainika kwamba virusi hivyo husafiri zaidi katika matone madogo mno yanayoelea hewani, hasa pahali palipofungika. Kupunguza abiria hadi wanane kulisaidia, lakini wanane waliofunga madirisha bado walikuwa hatarini. Kwa maoni yangu, amri ya kufungua madirisha ilistahili uzito sawa na ile ya kuhesabu viti. Isitoshe, isingempunguzia mwenye gari hata senti moja.

Jambo jingine halikutajwa sana, nalo ni muziki. Mtu anayezungumza kwa kupaza sauti hutoa matone mengi kuliko anayenyamaza au kunong'ona. Ndani ya gari lenye spika zinazotikisa mbavu, hata kuuliza nauli ni kupiga kelele. Najua vijana hawatapenda kusikia hayo.

Tukija kwa bodaboda, hewa ni tele na abiria alitakiwa kuwa mmoja. Hata hivyo, aliyekimbia virusi akapanda pikipiki alibadilisha hatari moja kwa nyingine. Kwa mujibu wa takwimu za NTSA, zaidi ya watu 3,900 walifariki katika barabara za Kenya mwaka 2020, idadi iliyozidi ya mwaka uliotangulia, licha ya kafyu na kufungwa kwa kaunti kadhaa. Mwaka 2021 walizidi 4,500. Vifo vya korona vilivyotangazwa rasmi kufikia mwisho wa 2020 havikufika 1,700.

Sisemi korona ilikuwa mzaha. Bila barakoa na zile kanuni, vifo vingeongezeka, na wako waliofia nyumbani bila kupimwa. Ninachosema ni kwamba mtu akivunjika fuvu la kichwa, haimsaidii kwamba mapafu yake ni safi. Helmeti ya bodaboda, ambayo wengi walianza kuikataa kwa kuwa imevaliwa na kila mtu, ilikuwa na manufaa kuliko hofu waliyokuwa nayo. Kofia nyepesi ya kitambaa ndani yake ingetosha kuondoa wasiwasi.

Waliotembea ndio waliokuwa wengi. Hata kabla ya janga, takribani watu wanne kati ya kumi jijini Nairobi walikwenda shughuli zao kwa miguu. Kutembea ni tiba nzuri: dakika 150 kwa wiki za mwendo wa haraka hushusha shinikizo la damu na sukari. Mtu wa kutoka Kibera hadi Industrial Area huzimaliza dakika hizo kwa siku mbili.

Lakini hapa pana tahadhari ambayo matangazo ya afya huisahau. Mgonjwa wa kisukari aliyekuwa akipanda matatu, akaanza ghafla kutembea zaidi ya saa moja kila asubuhi na viatu vilivyoisha soli, anajitafutia kidonda. Mishipa ya fahamu miguuni mwake imekufa ganzi, hivyo hasikii malengelenge yanapoanza. Mama mmoja aliyekuwa akihudhuria kliniki yangu alikuja na kidole cha mguu kilichooza, na kwa maneno yake, "Daktari, sikuhisi uchungu wowote." Alikuwa akiokoa nauli. Kidole kilikatwa.

Mwenye kisukari anayetembea kwenda kazini ni lazima avae soksi na viatu vilivyofunika vidole, akung'ute viatu kabla ya kuvaa, na kila jioni akague nyayo zake mwenyewe au amwombe mwanawe amkagulie.

Aidha, kuna safari ambazo hazikufanywa kabisa, na pengine hizo ndizo zilizoumiza zaidi. Wagonjwa wa presha waliacha kwenda kuchukua dawa. Kina mama walioshikwa na uchungu usiku wa kafyu hawakuwa na gari la kuwafikisha hospitali, kwani matatu zilikuwa zimelala na madereva wa teksi waliogopa polisi. Ni hali hiyo iliyomfanya Dkt Jemimah Kariuki, aliyekuwa akisomea ukunga na magonjwa ya wanawake katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, kuanzisha mwaka 2020 mpango wa kuwasafirisha waja wazito usiku bila malipo.

Kifua kikuu nacho kilijificha. Mwaka 2019 wagonjwa zaidi ya 86,000 wa maradhi hayo waligunduliwa nchini. Mwaka 2020 walikuwa kama 73,000. Maradhi hayakuwa yamepungua. Waliopungua ni waliofika kupimwa. Wengine waliogopa kukohoa mbele ya watu, kwa sababu aliyekohoa ndani ya matatu siku hizo aliweza kuteremshwa kabla ya steji yake.

Kanuni za viti ziliondolewa Agosti 2021, kafyu ikaisha Oktoba mwaka huo, na Mei 2023 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba Covid-19 si dharura ya dunia tena. Matatu zinajaa kama kawaida, na ugomvi wa dirisha umerudi. Abiria wa mbele anafungua, wa nyuma anafoka: "Funga hilo dirisha, mtoto atashikwa na nimonia!"

Upepo hauleti nimonia. Nimonia huletwa na viini, ambavyo hupenda gari lililofungwa. Mtoto akihisi baridi, mvike sweta na kofia, kisha uache dirisha wazi angalau upana wa kiganja, na la upande wa pili pia, ili hewa ipite. Mvua ikinyesha, la nyuma lililo mbali na mtoto lafaa. Mwenye kikohozi na avae barakoa na kuketi kando ya dirisha, wala asionewe haya kwa hilo.

Na yeyote ambaye amekohoa kwa majuma mawili au zaidi, anayetokwa na jasho usiku au kukonda bila sababu, asingoje mlipuko mwingine. Aende kituo cha afya cha serikali akatoe makohozi yapimwe. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure, na akizimeza inavyotakiwa, kwa kawaida baada ya wiki chache huwa hawezi tena kumwambukiza anayeketi naye.