JINSI MTOTO MDOGO ANAVYOJIFUNZA KUKUMBUKA NA KUFIKIRI

Mtoto wa miaka minne hutumwa dukani kununua chumvi, kiberiti na sabuni. Hurudi na chumvi peke yake, na fedha iliyobaki ameifumbata mkononi. Aulizwapo habari ya kiberiti, hutazama chini. Katika nyumba nyingi jambo hilo huishia kwa kofi, na mtoto huitwa mjinga au mpuuzi. Lakini wataalamu waliochunguza akili za watoto wangesema kwamba mtoto huyo hakupuuza. Kukumbuka ni ufundi, na ufundi huo yeye hajaupata bado.

Bibi Zinaida Istomina wa Urusi alilijaribu jambo hilo na kutangaza matokeo yake katika mwaka wa 1948. Watoto wadogo waliwekewa duka la mchezo, wakatumwa huko kununua vitu vitano. Wale wa miaka mitatu hawakungoja hata kusikiliza maagizo mpaka mwisho, bali walikimbilia dukani kwa furaha ya kutumwa. Waliowazidi kidogo walisikiliza, na baadhi yao waliyarudia maneno njiani. Wale wa miaka sita walichezesha midomo huku wakiyasema maneno kimoyomoyo, na walipokwama walijiuliza ni kitu gani kimesahauliwa.

Bibi Istomina aliona pia kwamba watoto walikumbuka vitu vingi zaidi walipotumwa katika duka lile kuliko walipoambiwa tu wayashike maneno kama somo. Wengine waliolijaribu jambo hilohilo huko Marekani, katika mwaka wa 1986, walipata kinyume chake. Kwa hiyo shauri hilo halijakatwa. Lisilo na ubishi ni lile la kwanza, yaani kwamba kuyarudia maneno ili yasipotee ni desturi ambayo akili huipata polepole, na watoto wengi hawaifanyi kwa hiari yao kabla ya kutimiza miaka sita au saba. Mama amtumaye mtoto wa miaka minne afanya vema amtajie vitu viwili tu, na kumtaka avitaje mwenyewe kabla hajatoka mlangoni.

KUMBUKUMBU YA MTOTO MCHANGA

Hata hivyo isidhaniwe kwamba mtoto mdogo hana kumbukumbu. Katika mwaka wa 1980 ilionyeshwa huko Marekani kwamba mtoto ambaye hajatimiza siku tatu tangu kuzaliwa aitambua sauti ya mama yake, na huinyonya chuchu ya mpira kwa namna itakayomwezesha kuisikia sauti hiyo kuliko sauti ya mwanamke mwingine. Sauti hiyo alikuwa ameizoea tangu alipokuwa tumboni.

Bibi Carolyn Rovee-Collier, pia wa Marekani, alitumia njia nyepesi sana. Alifunga utepe katika mguu wa mtoto aliyelala chali, na ncha ya pili akaifunga katika vitu vya kuchezea vilivyoning'inia juu ya kitanda. Mtoto alipopiga teke, vile vitu vilicheza. Baada ya dakika chache mtoto aliitambua siri hiyo, akazidi kupiga mateke. Siku kadhaa zikapita, kisha akawekwa tena chini ya vitu vilevile ili ionekane kama atapiga mateke mara moja au kama amesahau. Mtoto wa miezi mitatu alikumbuka kwa muda wa juma moja hivi, na wa miezi sita kwa majuma mawili. La ajabu zaidi ni kwamba mtoto aliyekwisha kusahau, akionyeshwa tu vile vitu vikicheza kwa muda mfupi, kesho yake aliweza kukumbuka tena.

Kufikiri nako kuna hatua zake. Bwana Jean Piaget wa Uswisi, aliyefariki katika mwaka wa 1980, aliwachunguza watoto wake mwenyewe watatu na kuandika aliyoyaona. Kwa mfano, maji yakimiminwa kutoka katika bilauri pana na kutiwa katika bilauri nyembamba iliyo ndefu, mtoto wa miaka minne au mitano husema kwamba sasa maji yameongezeka. Ameyaona yakimiminwa, wala hakuna tone lililoongezwa, lakini macho yake humwambia kwamba kilichopanda juu ni kingi. Watoto wengi huyashinda macho yao wanapokaribia miaka saba. Ndugu mdogo aliaye kwa sababu chai yake imetiwa katika kikombe kipana na kifupi si lazima awe na choyo. Kweli aiona kuwa ni kidogo. Bwana Piaget hakupata katika kila jambo, kwa maana waliomfuata wameona kwamba watoto wachanga hufahamu mambo kadha wa kadha mapema kuliko alivyodhani.

MAZUNGUMZO NA MAMBO YALIYOPITA

Mtu mzima akiulizwa jambo la kwanza analolikumbuka maishani mwake, kwa kawaida hutaja jambo lililotukia alipokuwa na umri wa miaka mitatu au zaidi. Lakini umri huo si mmoja kwa watu wote. Katika uchunguzi uliotangazwa huko New Zealand katika mwaka wa 2000, Wamaori walitaja mambo ya umri wa chini ya miaka mitatu, kwa wastani, nao waliwatangulia wenyeji wengine wa nchi ile. Wamaori ni watu wanaothamini sana kusimulia habari za jamaa na za siku zilizopita, na wataalamu wengi huona kwamba hapo ndipo penye sababu. Imeonekana pia kwamba watoto ambao mama zao huzungumza nao kwa urefu juu ya mambo waliyoyafanya pamoja huweza baadaye kuyasimulia kwa ukamilifu zaidi. Mama asemaye, "Jana tulikwenda sokoni. Tulimwona nani pale penye ndizi? Naye alikuwa amebeba nini?" anamfundisha mtoto kulishika jambo na kulipanga.

Lakini katika kuuliza pana hatari, hasa kwa watoto wasiofikia umri wa shule. Wataalamu wa Marekani waliwauliza watoto wadogo, kila juma kwa majuma kadhaa, kama wamewahi kunaswa kidole na mtego wa panya hata wakapelekwa hospitali. Jambo hilo halikutukia kamwe. Lakini baada ya kuulizwa mara nyingi, wengi walianza kulisimulia, pamoja na habari za nani alikuwapo na jinsi walivyosafiri. Hawakuwa waongo. Picha waliyoulizwa mara kwa mara ilikuwa imechanganyika na kumbukumbu zao. Mzazi anayetaka kujua ni nani aliyevunja chungu, au mzee wa baraza anayemhoji mtoto kwa jambo kubwa kuliko hilo, afadhali aulize mara moja kwa upole, "Kulikuwa nini?" bila kumtilia jibu kinywani.

KIMYA CHA MTOTO SI UJINGA

Katika mwaka wa 1972 Bwana Charles Super na mkewe, Bibi Sara Harkness, walikuja Kenya, wakakaa miaka mitatu miongoni mwa Wakipsigis, mahali ambapo katika maandiko yao huitwa Kokwet. Walitaka kujua jinsi watoto wa huko wanavyokua na kujifunza. Moja ya majaribio yao lilikuwa kumsimulia mtoto mdogo hadithi fupi na kumwomba airudie. Watoto wengi walinyamaza kabisa.

Mpitaji angalisema kwamba watoto hao hawana kumbukumbu. Bwana Super na mkewe hawakusema hivyo, kwa kuwa waliwaona watoto walewale nyumbani. Mama huko alizoea kumpa mtoto amri naye akaitimiza, na mtoto mwenye adabu hakutarajiwa kumsimulia mtu mzima mambo, licha ya mgeni. Kwa hiyo mtoto aliyenyamaza mbele ya mgeni alikuwa akifanya kama alivyofundishwa.

Wazazi wa Kokwet walikuwa na neno lao la akili, nalo ni ng'om, na walitofautisha mtoto aliye ng'om nyumbani na aliye ng'om shuleni. Wa nyumbani ni yule ambaye baada ya chakula hufagia na kuosha vyombo bila kuambiwa, akamtunza mdogo wake vizuri. Mtoto kama huyo ana kumbukumbu, kwa maana hakumbuki neno moja tu, bali hukumbuka kazi zote na saa zake. Lakini akifika darasani na kuulizwa swali na mtu mzima ambaye jibu lake mtu huyo analijua tayari, hushangaa. Nyumbani hakuna anayeuliza jambo alijualo.

Desturi yenyewe haikukosa mahali pa kunena. Katika makabila mengi ya Kenya, jioni ilikuwa saa ya hadithi na vitendawili, na pwani mpaka leo mwenye kusema "Kitendawili!" huitikiwa "Tega!" Hapo mtoto huulizwa, hufikiri, hujibu na hukosea mbele ya wakubwa, wala haonekani kuwa mtovu wa adabu. Mwalimu wa chekechea mwenye mtoto asiyefungua kinywa aweza kuanzia hapo, au awaache watoto wasimuliane wawili wawili kwanza, yeye akisikiliza kwa mbali, kabla ya kuandika katika kitabu chake kwamba mtoto huyu ni mzito.