Jua Kutiwa Giza: Namna ya Kuisoma Lugha ya Manabii

Dominika ya 33 ya Mwaka B (Mk 13:24-32)



Injili ya leo yatuletea maneno mazito: jua kutiwa giza, mwezi kukosa mwanga, nyota kuanguka. Wengi hutuuliza: Je, mambo haya yatatokea hivyo hivyo, neno kwa neno, au ni mafumbo? Swali ni la haki, wala halifai kujibiwa kwa neno moja.

Tena si swali la wasomi wa seminari peke yao. Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, mamia ya watu waliteketea kwa moto ndani ya jengo walimokuwa wakisali. Viongozi wao walikuwa wamewatangazia kwamba ulimwengu ungekwisha pamoja na mwaka 1999. Wengi wao walikuwa wamelelewa katika Kanisa letu Katoliki, na miongoni mwa viongozi hao alikuwamo mtu aliyepata kuwa padre. Kwa hiyo tusiwanyoshee kidole watu wa madhehebu mengine. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kilifi, nchini Kenya, ilianza kufukuliwa miili ambayo hatimaye ilizidi 400. Wengi wa marehemu hao, watoto wakiwamo, walikuwa wamenyimwa au wamejinyima chakula kwa kuaminishwa kwamba ndiyo njia ya kukutana na Yesu. Nasi wa Usukuma twaijua gharama ya kusoma ishara vibaya. Ni bibi wangapi wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, kumbe wekundu ule ni wa moshi wa kuni na samadi walizopikia maisha yao yote!

Tuanze na jua. Bwana wetu hakuwa wa kwanza kuyatumia maneno haya. Nabii Isaya, katika sura ya 13, anatangaza anguko la Babeli, naye anasema kwamba nyota, jua na mwezi vitainyima dunia nuru. Babeli ilitekwa na Waajemi mwaka 539 kabla ya Kristo, na jua halikuzimika. Ezekieli, katika sura ya 32, anasema vivyo hivyo juu ya Farao wa Misri. Ndiyo lugha ya manabii: dola iliyojiona ya milele inapoporomoka, wao husema mbingu zimetikisika. Ushahidi ulio wazi zaidi twaupata siku ya Pentekoste. Mtume Petro anasimama saa tatu asubuhi na kutangaza kwamba jambo lililonenwa na nabii Yoeli ndilo hilo watu wanaloliona (Mdo 2). Katika unabii huo jua lageuka giza na mwezi wageuka damu. Pale Yerusalemu kulikuwa kumekucha, wala Petro hakuona shida yoyote.

Tufungue sasa Ufunuo wa Yohane, sura ya 21. Mji mtakatifu umejengwa kwa dhahabu safi iliyo angavu kama kioo. Wachimbaji wetu wa Geita na Bulyanhulu wameona dhahabu nyingi, lakini ya kupenya macho kama kioo hawajaiona. Kila lango la mji huo ni lulu moja. Hata Mwadui, jirani zetu, ambako almasi iligunduliwa mwaka 1940, halijapatikana jiwe la ukubwa wa lango. Yohane hakuwa akiorodhesha mali. Alitaka tujue kwamba kile ambacho vijana wetu wanakifuata shimoni mpaka kufukiwa na kifusi, mbele za Mungu ni cha kukanyagwa tu, maana ndicho kilichotandazwa barabarani. Tena Yohane mwenyewe atupatia ufunguo tangu sura ya kwanza, anapoeleza kwamba vinara saba alivyoviona ni makanisa saba.

Kanisa limelifundisha jambo hili kwa muda mrefu. Papa Pius XII alilieleza mwaka 1943, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukalikazia mwaka 1965 katika hati ya Dei Verbum, na Tume ya Kipapa ya Biblia ikalirudia mwaka 1993. Yatupasa kutafuta alichokusudia mwandishi, kwa kuangalia mtindo aliouchagua. Hapa ndipo wengi wanapokosea: hudhani maana halisi ya Maandiko ni ile inayoonekana juu juu. Sivyo. Mwandishi akikusudia picha, maana ya picha hiyo ndiyo maana halisi. Mzee akituambia kwamba mgeni fulani ana mkono mrefu, hakuna anayechukua kamba kwenda kuupima. Wala hakuna anayesema mzee amedanganya. Kila mtu hufungia kuku wake.

Lakini wapo wanaokimbilia upande wa pili na kugeuza kila kitu kuwa picha. Yesu alitabiri katika sura hiyo hiyo ya 13 kwamba Hekalu litabomolewa, na mwaka 70 majeshi ya Roma yalilibomoa kweli. Nabii Amosi, katika sura ya 8, anawakemea wanaopunguza vipimo, wanaoharibu mizani na kumnunua maskini kwa bei ya viatu. Hapo hakuna fumbo. Mkulima wa pamba au mchimbaji mdogo aliyepata kusimama mbele ya mzani wa mnunuzi anamwelewa Amosi bila kusaidiwa na padre. Twashangaa kumwona mtu anayetafuta namba 666 katika kila kitambulisho akimpita Amosi kana kwamba hakusema kitu. Hata kurudi kwake Kristo si picha. Twakukiri kila Dominika katika Kanuni ya Imani. Namna kutakavyokuwa ndiyo inayosemwa kwa picha, na siku yake hatukupewa.

Dominika hii huangukia katikati ya Novemba, mvua za kwanza zinapotazamiwa. Baadhi yenu hapa Kolandoto mmetuuliza kama kuna haja ya kupanda, au kama ng'ombe wauzwe, kwa vile mmeambiwa mwisho umekaribia. Yesu alipotaka kutufundisha kukesha alituonyesha mtini: tawi likilainika na kutoa majani, mtu hujua kwamba majira yamekaribia. Alichukua mfano kwa mkulima anayetazama shamba lake. Basi pandeni pamba, pandeni na mtama. Ng'ombe msiwauze kwa ajili ya tarehe. Na mtu akiwaletea tarehe nyumbani, mwombeni kwanza awasomee Marko 13, mstari wa 32, kwa sauti, watoto nao wakisikia.