Je, Wajua? Tope la Mikoko Linanuka kwa Sababu Liko Kazini

Maji yakipwa, wapita njia wengi huziba pua mikokoni, na wengine wamepageuza jaa: chupa za plastiki, nepi na vifusi vya ujenzi vyote huishia humo. Tope hilo halistahili dharau hiyo.

Uvundo ule wa yai viza ni gesi ya salfaidi ya haidrojeni. Katika msitu wa bara, jani likianguka, kuvu na bakteria hulitafuna kwa kutumia oksijeni, na sehemu kubwa ya ukaa (kaboni) wake hurudi hewani upesi. Mikokoni sivyo. Sentimita chache tu chini ya tope, oksijeni imekwisha. Bakteria wa humo hutumia salfeti ya maji ya bahari badala yake. Kazi yao huenda polepole mno, na gesi ile ya uvundo ndiyo hutoka. Weusi wa tope nao ni salfaidi iliyoshikana na chuma. Kaa nao husaidia, maana hukokota majani hadi mashimoni kabla bahari haijayachukua. Maji yakijaa huleta mashapo mapya juu ya yale ya zamani, na ukaa hukaa chini karne na karne. Kwa kawaida, uliozikwa topeni huupita ule ulio kwenye miti yenyewe.

Ndiyo maana kuchimba tope na kulikausha ni hasara kubwa kuliko kukata boriti. Hewa ikiingia, ukaa hugeuka kaboni dioksaidi, na salfaidi huzaa asidi ya salfuriki inayoharibu udongo na maji.

Lakini tope likizidi huua. Mvua za El Niño za 1997/98 zilikokota udongo wa bara kupitia mto Mwache, karibu na Mombasa. Udongo huo ulifukia mizizi ya kupumulia, na mikoko mingi ikafa imesimama. Kwa hiyo mkulima wa mlimani asiyeweka matuta ya kukinga maji ana mkono wake katika hali ya bahari.

Kule Gazi, kaunti ya Kwale, wanakijiji wa mradi wa Mikoko Pamoja wanalinda hekta 117 za msitu na kuuza hati za ukaa, yaani kulipwa kwa ukaa unaobaki msituni. Fedha zimesaidia maji na shule. Kazi hiyo ina maana zaidi kuliko sherehe za kupanda miche kwenye fungu lililo chini mno, ambako mawimbi huing'oa wageni rasmi wakishaondoka.

Faida nyingine zinajulikana: boriti, fito, kuni, asali, rangi ya magome, dawa, kaa, chaza, makulia ya samaki na kamba, kinga ya mawimbi.

Halmashauri na kaunti za pwani zianze kwa kuondoa majaa mikokoni na kufungua njia za maji zilizozibwa. Mahali maji yanapoingia na kutoka, na miti mama ikiwa karibu, mikoko mingi hujiotea yenyewe.