Maji ya Rusumo na ufuko wa Nyamirembe

Sisi wakazi wa mijini tuna ugonjwa mmoja. Ukimwambia jirani kwamba likizo hii unaipeleka familia kutembea, atakuuliza, "Bagamoyo au Ngorongoro?", kana kwamba nchi nzima ina mahali pawili tu pa kwenda. Ukimjibu kwamba unakwenda Ngara na Biharamulo, atashusha sauti na kukuuliza tena, "Kuna msiba?"

Hakuna msiba. Kuna maporomoko ya maji, kuna msitu, kuna boma la Wajerumani, na mwisho wa barabara kuna ufuko wa Ziwa Viktoria. Yote hayo mtu mwenye gari zima, na aliyeamka mapema, anaweza kuyaona kati ya alfajiri na magharibi. Nilifanya safari hiyo na familia yangu wakati wa likizo ya Juni, mwaka 2024. Leo nataka kueleza njia yenyewe, na zaidi ya njia, nieleze kitu kinachoyaunganisha maporomoko na ziwa.

Tuanze na maji. Maporomoko ya Rusumo yako katika mto Kagera, wilayani Ngara, mpakani mwa Tanzania na Rwanda. Mto Ruvubu unatoka Burundi, Nyabarongo unatoka Rwanda, na mito hiyo inakutana kilomita chache tu juu ya maporomoko. Hapo Rusumo mto unabanwa na miamba, unaanguka kiasi cha mita 15, kisha unaelekea kaskazini ukiwa ndio mpaka wa nchi mbili. Baadaye unageuka mashariki, unapita Kyaka, pale ambapo daraja lilivunjwa na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978, na hatimaye unaingia Ziwa Viktoria upande wa Uganda. Katika mito yote inayoingia ziwani, hakuna unaoleta maji mengi kuliko Kagera. Na kwa kuwa mto Nile unatoka katika ziwa hilo, maji unayoyaona Rusumo yana safari ndefu ya kufika Misri.

Kwa hiyo mto unazunguka kwa kaskazini, na msafiri anakata moja kwa moja kwa mashariki. Wote wawili wanaishia katika ziwa lile lile.

Sisi tulilala Ngara mjini kwa shemeji yangu, mwalimu mstaafu. Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa barabarani, watoto watatu nyuma wakiwa bado na usingizi, na saa moja asubuhi tukawa Rusumo. Baridi ya Ngara mwezi wa Juni si ya mchezo. Ewe mtu wa Dar es Salaam, chukua sweta.

Jambo la kwanza lililowashangaza watoto halikuwa maporomoko. Lilikuwa malori. Rusumo ni mlango wa mizigo inayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Kigali, na malori hupanga foleni ndefu. Tanzania tunaendesha kushoto, Rwanda wanaendesha kulia. Basi hapo mpakani kila dereva hana budi kuhama upande. Tangu mwaka 2016 kuna kituo cha pamoja cha forodha na uhamiaji, ambapo maofisa wa nchi mbili hufanya kazi chini ya paa moja, na msafiri hagongewi mihuri kwanza huku kisha akaanze foleni nyingine kule. Lakini mpaka ni mpaka. Ukitaka kusogea kutazama maji au kupiga picha, omba ruhusa kwa maofisa kwanza. Tuliomba, tukaruhusiwa.

Maporomoko yenyewe utayasikia kabla hujayaona. Maji yake ni ya rangi ya chai ya maziwa, kwa sababu ya udongo unaobebwa kutoka milima ya Rwanda na Burundi. Siku hizi sehemu ya maji hayo inageuzwa kabla ya kufika kwenye mwanguko, inapitishwa kwenye mitambo mitatu ya umeme, kisha inarudishwa mtoni. Mradi huo, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 2017, una uwezo wa megawati 80, na umeme wake hugawanywa sawasawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Nchi tatu zinakunywa katika kibuyu kimoja. Hilo nalo tuliwaeleza watoto.

Ndipo shemeji akawauliza, "Wajomba, mnajua hapa palitokea nini?"

Mama watoto akamkatiza. "Kaka, wadogo hawa."

"Ni wadogo, dada. Lakini mimi niliyekuwepo nikinyamaza, watasimuliwa na mtu asiyekuwepo."

Akawasimulia kwa ufupi, bila kuwatisha. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari nchini Rwanda, watu waliuawa kwa maelfu na miili yao ikatupwa mtoni. Maji yaliiangusha hapa Rusumo na kuendelea nayo. Halafu tarehe 28 na 29 Aprili, mapigano yaliposogea, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la hapa kuingia Tanzania katika muda wa siku moja hivi. Shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi lilisema halijapata kuona wimbi kubwa la namna hiyo kwa muda mfupi hivyo. Pale Benaco, ambapo leo dereva anasimama kununua maji na ndizi, palizuka kambi iliyozidi miji yetu mingi kwa idadi ya watu. Wenyeji wa Ngara waliwapokea, wakagawana nao maji na mashamba, na wakashuhudia miti yao ikikatwa kwa kuni mpaka vilima vikabaki uchi. Wengi wa wakimbizi hao walirudishwa kwao mwezi Desemba 1996.

Watoto walikaa kimya. Kisha binti yangu wa miaka kumi akauliza, "Mjomba, maji yaliwapeleka wapi wale watu?"

Shemeji akamjibu, "Jioni utafika yanakokwenda maji haya. Ukifika, uliza tena."

Kutoka Rusumo, njia ya kawaida ni lami ya malori: Benaco, Nyakahura, Lusahunga. Ni njia nzuri na ya haraka, lakini mwenye haraka haoni kitu. Sisi tulirudi Ngara, tukashika njia ya Murugarama na Rulenge inayotokea Nyakahura, barabara ambayo sisi tuliikuta ya udongo. Hapo ndipo utaiona Ngara yenyewe: migomba mpaka ukingo wa barabara, kahawa nyuma ya nyumba, maharage yameanikwa uani, akina mama wakitoka mnadani na mizigo kichwani. Lugha ya Wahangaza inafanana sana na Kirundi, na wenyeji wanaelewana na ndugu zao wa ng'ambo bila mkalimani. Mpaka ulichorwa na wakoloni. Mazungumzo yalikuwapo kabla yao. Njia hii usiipite wakati wa masika kama gari lako liko chini chini, wala usiondoke Ngara bila mafuta ya kutosha na tairi la akiba lenye upepo.

Ukishaingia wilaya ya Biharamulo, vilima vya migomba vinakwisha na pori linaanza. Msikilizaji mwenye umri wangu atakumbuka sifa mbaya ya pori hili. Miaka ya 1990, na hata baadaye, majambazi wenye silaha waliteka mabasi huko, na magari yalisubiriana ili kupita kwa msafara, askari mwenye bunduki akiwa ndani ya basi. Zilikuwa silaha zilizozagaa kutokana na vita vya nchi jirani. Leo familia inapita na watoto wanaimba. Mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa mwaka 2019 kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Adui aliyebaki kwa msafiri wa kawaida ni mbung'o. Funga vioo, na usivae nguo za rangi ya bluu iliyokoza wala nyeusi, maana rangi hizo humvutia.

Biharamulo mjini tulipumzika saa moja. Boma la Wajerumani, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 20, lingali limesimama na kuta zake nene, juu ya kilima kinachoona mbali. Watawala wale walijua kuchagua mahali: ukikaa hapo unamwona kila anayekuja kutoka ziwani na kila anayekwenda bara. Tukala wali na maharage, tukasonga.

Mwendo wa mwisho ni kuteremka kuelekea Nyamirembe, bandari ya zamani ya ziwa. Zamani yote hii ilikuwa Biharamulo. Wilaya ilipogawanywa, Nyamirembe ikawa Chato, na tangu mwaka 2012 Chato iko mkoa wa Geita. Ziwa lenyewe halikusomewa tangazo hilo. Saa kumi jioni liliibuka mbele yetu, pana, la kijivu, na watoto wakapiga kelele, "Bahari!" Kaskazini mashariki, ng'ambo ya maji, kipo kisiwa cha Rubondo, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977, ambako sokwe waliletwa miaka ya 1960 na wamezaliana mpaka leo.

Watoto walitaka kuruka majini mara moja. Hapo nilikataa, na sababu yake nawaeleza na nyinyi. Ukanda wa Ziwa Viktoria una kichocho. Vimelea vyake hukaa ndani ya konokono wadogo wanaopenda maji yaliyotulia yenye nyasi, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtu bila yeye kuhisi maumivu. Maji ya ufukoni penye majani ndiyo mabaya zaidi. Mtu aliyekwisha oga humo aende kupimwa baada ya wiki kadhaa. Dawa ipo na inatibu. Pia kuna mamba na viboko. Uliza wenyeji kabla hujavua viatu. Tulikaa mwaloni juu ya jahazi lililopinduliwa, tukanunua sato wa kukaanga na ugali wa muhogo, na hiyo ilitosha kuwa pwani yetu.

Binti yangu hakusahau. Akiwa na samaki mkononi akauliza, "Ndiyo maji yale ya asubuhi?"

Shemeji akamwambia ukweli. Mdomo wa mto uko zaidi ya kilomita 150 kaskazini mwa pale tulipokaa, lakini ziwa ni moja. Mwaka 1994 miili ilifika ziwani, na wavuvi wa Uganda waliiopoa na kuizika kwa heshima katika vijiji vya ufukoni. Watu wengi wakaacha kula samaki. Mvuvi ambaye hakuwahi kufika Rwanda, na hakumjua mtu yeyote huko, alirudi nyumbani na samaki wasio na mnunuzi. Binti akamtazama yule sato. Kisha akaendelea kula, polepole.

Na hilo, wapenzi wasikilizaji, ndilo lililonifanya niwaeleze safari hii. Katika mto, hakuna jambo la jirani. Magugu maji yalianza kuonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, na mto Kagera ulikuwa mlango wake mkubwa. Katikati ya miaka ya 1990 yakaziba ghuba na bandari, meli zikashindwa kutia nanga, mitumbwi ikakwama. Ua zuri lililoelea mtoni huko juu likawa njaa huku chini. Udongo ule unaoyapa maji ya Rusumo rangi ya chai ni shamba la mtu aliyelima mteremko bila matuta. Kwake ni hasara, na ziwani ni matope yanayofunika mazalio ya samaki. Kwa upande mwingine, megawati zile 80 zinawaka katika nchi tatu kwa sababu nchi hizo zilikaa meza moja. Mto ule ule unaoleta aibu unaweza kuleta taa. Inategemea wanaoutumia.

Mambo hayo mtoto anaweza kuyasoma darasani akayasahau baada ya mtihani. Lakini akiyaona maji asubuhi yakianguka, na jioni akaketi kando ya ziwa linaloyapokea, kitabu chake kinakuwa kimefunguliwa mbele yake. Gharama yake si kubwa. Ni mafuta ya gari, chakula cha njiani, na ndugu mmoja mwenyeji anayekumbuka. Asiye na gari apande basi mpaka Ngara na ashuke kwa vipande kama wafanyavyo wenyeji. Atachukua siku mbili badala ya moja, na ataongea na watu wengi zaidi.

Wazee walisema mkaa bure si sawa na mtembea bure. Mimi naongeza: ukitembea, tembea na mzee aliyeyaona mambo, na umwache aseme mbele ya watoto. Wazee wa Rusumo wanazidi kupungua kila mwaka, na mto hausimulii.

Kwa leo naishia hapo. Tukutane tena wiki ijayo, Mungu akipenda.