Makaburi ya Wanyama Mashuhuri, na Vifaru Wetu Wasio na Kaburi

Jumapili moja jioni, tukiwa tumeketi uani hapa Inde, mwanangu aliye katika darasa la tano alinijia na picha iliyodondoka katika kitabu kikuukuu. Ilikuwa picha ya sanamu ya farasi, ya shaba, imesimama juu ya jiwe, na chini ya jiwe hilo imeandikwa kwamba farasi mwenyewe amelala hapo. Akaniuliza, "Baba, kumbe farasi naye huzikwa?" Mama yake akacheka, akasema kwamba kwetu mnyama akifa huliwa, na asiyelika hutupwa porini akawa riziki ya fisi. Mimi nami nilitaka kucheka, lakini swali lile halikunitoka moyoni usiku kucha, na kwa sababu hiyo ninawaandikia ndugu wasomaji makala haya.

Farasi wa picha ile aliitwa Man o' War. Alizaliwa mwaka 1917 katika jimbo la Kentucky, Marekani, akakimbia mashindano 21 na kushinda 20. Alipokufa mwaka 1947 mwili wake ulitiwa dawa usioze, ukawekwa katika jeneza kubwa kama la mfalme, na mazishi yake yakatangazwa redioni. Akazikwa katika shamba alilokuwa akiishi. Lakini shamba lile lilikuwa mali ya watu binafsi. Kwa hiyo katika miaka ya 1970, serikali ya jimbo ilipokuwa ikitengeneza bustani kubwa ya farasi kwa ajili ya umma, kaburi lilifukuliwa, mabaki yakahamishiwa bustanini pamoja na ile sanamu, ili kila mtu apate kumzuru bila kubisha hodi katika shamba la mwenyewe.

Hakuwa wa mwisho kuhamishwa. Mwanzoni mwa karne hii, katika mji huohuo wa Lexington, makaburi ya farasi ya shamba liitwalo Hamburg Place yaliondolewa mahali pake ili kupisha ujenzi wa duka kubwa. Hapo ndipo watu walipobishana. Je, unapohamisha kaburi la farasi unahamisha nini hasa? Maana desturi ya wafugaji wa kule ni kwamba farasi mashuhuri aghalabu hazikwi mzima. Huzikwa kichwa, moyo na kwato tu: kichwa kwa ajili ya akili yake, moyo kwa ajili ya ushujaa, na kwato kwa ajili ya mbio. Kuzikwa mzima ni heshima ya wachache, kama Secretariat aliyekufa mwaka 1989.

Naye Phar Lap, farasi wa Australia aliyezaliwa New Zealand, alipatwa na jambo la ajabu zaidi. Alikufa ghafula huko California mwaka 1932. Ngozi yake ikajazwa na kusimamishwa katika makumbusho ya Melbourne, moyo wake ukahifadhiwa Canberra, na mifupa yake ikapelekwa Wellington. Farasi mmoja, miji mitatu, nchi mbili, wala hana kaburi hata moja.

Sisi wa West Nile hatuna farasi wa mashindano, wala hatukupata kuwa nao. Sababu inajulikana na kila mfugaji: mbung'o. Mdudu huyo huambukiza ng'ombe ugonjwa wa nagana, na farasi ni dhaifu zaidi ya ng'ombe mbele ya ugonjwa huo. Ukitaka kuona farasi wakishindana katika Afrika Mashariki huna budi kwenda nyanda za baridi, kama vile uwanja wa Barabara ya Ngong, Nairobi. Lakini mnyama mashuhuri tulikuwa naye, tena mashuhuri duniani kote, na habari ya mifupa yake inafanana mno na ile ya Phar Lap.

Nasema juu ya kifaru mweupe wa kaskazini. Mweupe ni jina tu, kwani rangi yake ni ya majivu kama ya kifaru mwingine. Tofauti iko mdomoni: kifaru mweusi ana mdomo uliochongoka wa kuchumia majani ya vichaka, lakini huyu mweupe ana mdomo mpana, bapa, wa kukatia nyasi kama fyekeo. Kwa hiyo alipenda nyanda za nyasi za ukingo wa magharibi wa Mto Nile, yaani kwetu. Hakuvuka mto kwenda mashariki. Jina la Rhino Camp, ambalo siku hizi wengi hulisikia kwa habari za wakimbizi, lilitokana na vifaru hao.

Mwezi Januari mwaka 1910 alifika hapo Theodore Roosevelt, aliyekuwa amemaliza urais wa Marekani mwaka uliotangulia. Nchi hii wakati ule iliitwa Lado, na ilikuwa imekodishwa kwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, ambaye alikuwa amekufa mwezi mmoja tu kabla. Mwaka uo huo Lado ikapewa Sudan, na mwaka 1914 sehemu yetu ikaingizwa Uganda. Roosevelt na mwanawe Kermit waliwapiga risasi vifaru weupe tisa. Ngozi na mifupa ikatiwa chumvi, ikapakiwa, ikapelekwa Washington katika makumbusho ya taifa lao. Basi mifupa ya vifaru wa kwetu imehifadhiwa huko, imeandikwa na kutunzwa vizuri kuliko makaburi mengi ya wanadamu ninayoyajua.

Si haki, hata hivyo, kumtwika Roosevelt lawama yote. Baada yake wanyama hao waliendelea kuwapo miaka mingi, na wazee wetu walikuwa na mchango wao katika kuwalinda. Hifadhi ya Ajai, katika mabwawa ya ukingo wa Nile, inaitwa kwa jina la chifu aliyewakinga vifaru katika eneo lake. Mwaka 1961 baadhi yao walikamatwa wakiwa hai, wakavushwa mto na kupelekwa katika Hifadhi ya Taifa ya Murchison Falls, ili mbegu isipotee kama West Nile itawaishia. Fikiri, ndugu msomaji, taabu ya kumfunga mnyama wa tani mbili na kumvusha Mto Nile. Kazi ile ilifanikiwa, wakazaana. Kisha ikaja miaka tunayoijua sisi sote, ya vita na bunduki mikononi mwa kila mtu, na bei ya pembe ikapanda. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vifaru wote wa Uganda, weupe na weusi, walikuwa wamekwisha. Vifaru walioletwa baadaye katika hifadhi ya Ziwa, Nakasongola, tangu mwaka 2005, ni weupe wa kusini. Ni ndugu, lakini si wale.

Jirani zetu wa Garamba, Kongo, ndio waliobaki na wa mwisho wa porini. Mwaka 1984 walihesabiwa kama 15, wakalindwa hadi wakapita 30, na baada ya hapo vita na majangili vikawamaliza nao.

Wa mwisho wa kiume aliitwa Sudan. Alikamatwa akiwa mtoto mwaka 1975 huko Shambe, kusini mwa Sudan, akapelekwa katika bustani ya wanyama ya Dvůr Králové, Chekoslovakia, akaishi kwenye theluji miaka zaidi ya thelathini. Mwezi Desemba 2009 akarejeshwa Afrika na wenzake watatu, Suni, Najin na Fatu, katika hifadhi ya Ol Pejeta, Laikipia, Kenya. Hakurudi kwao Shambe, maana kwao hapakuwa na amani. Aliwekewa askari wenye silaha usiku na mchana. Wasomaji wetu walio askari wanaujua ulinzi wa lindo moja mwaka mzima, jua na mvua, na wanajua kwamba anayelinda huishia kukipenda anachokilinda. Suni alikufa mwaka 2014. Tarehe 19 Machi 2018 Sudan naye, akiwa na umri wa miaka 45 na miguu imekataa kusimama, alichomwa sindano ya kumpumzisha. Wakabaki majike wawili, binti yake Najin na mjukuu wake Fatu. Wataalamu walikuwa wamehifadhi mbegu za madume kwenye baridi kali, na mwezi Januari 2024 walitangaza kwamba wameweza kupandikiza kiinitete cha kifaru katika tumbo la kifaru mwingine, ijapokuwa jike yule alikufa kwa ugonjwa mwingine kabla ya kuzaa.

Huko Ol Pejeta kuna mahali pa makaburi ya vifaru. Chini ya mti yamepangwa mawe, na kila jiwe lina kibao chenye jina la mnyama na namna alivyokufa. Wengi wao waliuawa na majangili. Jiwe la Sudan liko hapo pia.

Kenya wana mazoea hayo zaidi yetu. Katika nchi ya Meru liko kaburi la Elsa, simba jike aliyelelewa na Joy na George Adamson, aliyekufa mwaka 1961 kwa ugonjwa wa kupe. Joy alipouawa mwezi Januari 1980, majivu yake yaligawanywa kati ya kaburi la Elsa na kaburi la duma wake Pippa. George naye aliuawa na majambazi mwaka 1989, akazikwa Kora karibu na simba wake. Tembo Ahmed wa Marsabit, aliyekuwa na pembe zilizokaribia kugusa ardhi, alilindwa kwa amri ya Rais Kenyatta, na alipokufa mwaka 1974 hakuzikwa. Mifupa yake iko katika makumbusho ya Nairobi, na sanamu yake imesimama uani.

Nilipomsimulia mwanangu haya yote, baba yangu mdogo alikuwa amekaa pembeni akisikiliza. Akasema, "Wewe unahesabu makaburi ya vifaru. Kaburi la ndugu yetu umelihesabu?"

Hapo nilinyamaza. Baba yangu mkubwa alikufa ukimbizini mwaka 1981, upande wa Aru, Zaire ya wakati ule, tulipokuwa tumekimbia kama maelfu ya watu wa Arua na Koboko. Alizikwa kwa haraka katika shamba la mwenyeji wetu, mtu mwema, bila jiwe wala msalaba. Kwetu mtu huzikwa nyumbani, karibu na mlango wa watoto wake, na aliyelala ugenini huhesabiwa kuwa bado yuko safarini. Miaka mingi baadaye ukoo ulichanga fedha, ukaomba ruhusa za pande zote mbili za mpaka, wazee sita wakaenda kumchukua. Shamba walilikuta limelimwa na kulimwa tena, mihogo imesimama. Mwenyeji alikuwa amefariki, na wanawe walikuwa watoto wakati wa mazishi. Walionyesha mahali hapa, wakaonyesha na pale. Wazee wakachimba mahali pawili hadi kiunoni, hawakuona kitu. Wakachukua udongo katika kitambaa cheupe, wakarudi nao, tukauzika kwa taratibu zote chini ya mwembe.

Nilipomjibu baba mdogo nilimwambia kwamba sioni ugomvi kati ya mambo haya mawili. Waliomhamisha Man o' War walifaulu kwa sababu kaburi lilikuwa na alama, na kwa sababu mtu fulani aliandika. Waliochimba Aru hawakukosa mapenzi, walikosa kibao. Nyumba yo yote yenye mtu wake aliyelala ugenini, ukimbizini au mahali alipopelekwa kikazi, yafaa iandike sasa, wakati walioshuhudia wangali hai: jina la kijiji, jina la mwenye shamba, hatua ngapi kutoka mti gani au kisima gani. Karatasi hiyo ikae pamoja na vyeti vya shule na hati ya kiwanja. Na ikiwa wakati wa kuhamisha utafika, asichimbe mtu kwa siri. Kufukua mabaki kunahitaji kibali cha serikali, na wenyeji wa pale wapewe habari kabla jembe halijagusa ardhi.

Kuhusu vifaru, maoni yangu ni haya. Sidai mifupa ya Washington irudishwe, maana sijui tungeiweka wapi, na makumbusho yetu yana shida zake. Wala jiwe la Sudan lisiguswe, yule alizaliwa Shambe na pale Laikipia alipata walinzi waliomlilia. Ninachotamani ni jiwe moja Rhino Camp, mahali ambapo watoto wa shule wanaweza kufika kwa miguu, liandikwe kwamba hapa aliishi mnyama huyu, hadi mwaka gani, na ni nani waliomlinda. Fundi wa kuchonga maandishi hakosekani Arua, na gharama yake haizidi ya kaburi la kawaida la saruji.

Baba mdogo alifikiri kidogo, akauliza kama jina la Chifu Ajai nalo litaandikwa. Nikamwambia ndiyo, liwe la kwanza. Akaitikia kwa kichwa, kisha akamtuma mtoto alete kalamu na daftari, akaanza kumtajia majina ya watu waliobaki upande wa Aru. Walifika tisa kabla giza halijawazuia kuandika, na kesho yake asubuhi wakaendelea.