Goma: Chujio dogo la oili linavyoamua umri wa injini ya pikipiki

Katika mji wa Goma, ambako pikipiki ni teksi, gari la mizigo na mara nyingine ambulansi, kipuri kinachoenea kwenye kiganja cha mkono kinaweza kuamua kama motari atafanya kazi mwaka mzima au atakaa wiki nzima kwa fundi akisubiri injini ifunguliwe. Kipuri hicho ni chujio la oili.

Chujio lenye nembo ya kampuni iliyounda pikipiki halipatikani kila siku, na likipatikana huwa ghali kuliko mengine. Kando yake kuna machujio ya makampuni mengine yanayodai kuingia katika pikipiki hiyo hiyo. Baadhi ni mazuri sawa na lile la kiwandani. Mengine ni karatasi na gundi tu ndani ya boksi lenye rangi za kuvutia. Kwa motari ambaye kila jioni anapaswa kumpelekea mwenye pikipiki pesa yake kabla hajanunua unga wa nyumbani, kosa la kuchagua ni hasara ya familia nzima.

Hali ya mji imeongeza uzito wa swali hilo. Tangu Goma ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, uwanja wa ndege na benki zilifungwa, na biashara ikalazimika kutegemea zaidi barabara na fedha taslimu. Vipuri vingi vya pikipiki hufika baada ya safari ndefu kutoka bandari za Mombasa na Dar es Salaam, vikipita Uganda au Rwanda. Njia inapokuwa ndefu hivyo, anayetafuta chujio mara nyingi hulazimika kuchukua lililopo dukani badala ya lile alilolitaka.

Vumbi la volkano halina huruma

Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano. Mlima Nyiragongo ulilipuka mwaka 1977, ukarudia Januari 2002 ambapo lava ilipita katikati ya mji, kisha ukalipuka tena tarehe 22 Mei 2021 na lava ikasimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Mawe hayo meusi yakisagwa na magurudumu kwenye barabara zisizo na lami hugeuka vumbi kali lenye kingo, linalokwangua chuma kama msasa.

Vumbi hilo huingia kwenye injini hasa kupitia chujio la hewa lililochakaa, kisha huishia kwenye oili. Humo hukutana na unga wa chuma unaotoka kwenye gia na masalia ya sahani za klachi, ambayo watu wa Goma huiita ambreyaje. Hapa ndipo pikipiki inapotofautiana na gari: katika pikipiki nyingi za mijini, injini, giaboksi na klachi vyote huogelea katika oili moja, na kiasi chake ni takriban lita moja tu. Uchafu wa sehemu tatu hukusanyika katika oili ya chupa moja.

Chembe zinazoharibu zaidi ni zile zisizoonekana kwa macho, zenye upana wa maikroni 5 hadi 20. Unywele wa binadamu una upana wa takriban maikroni 70. Chembe hizo hupita katikati ya pistoni na silinda au kwenye beringi za krenki, zikichimba mistari midogo kila mzunguko. Dalili huja baadaye: moshi wa samawati, nguvu kupungua kwenye mlima, na oili kuisha kabla ya wakati.

Kwanza ijue injini yako

Kabla ya kuuliza chujio lipi, ni lazima kujua kama injini ina chujio la kununua. Si kila pikipiki inalo.

Injini nyingi za Kichina za cc 125 zilizoigwa kutoka Honda CG125 ya miaka ya 1970 hazina chujio la karatasi. Zina chekeche ya waya chini ya injini na kikombe kinachozunguka kwenye ncha ya krenki, nyuma ya kifuniko cha upande wa kulia. Kikombe hicho kinapozunguka kwa kasi hurusha uchafu pembeni ukagandamana humo. Hakibadilishwi, hufunguliwa na kusafishwa. Motari anayeuziwa chujio la karatasi kwa injini ya namna hiyo ameuziwa kitu kisicho na mahali pa kukaa.

Pikipiki za moteri ya mipigo miwili, kama Yamaha AG100 ambayo mashirika mengi ya misaada barani Afrika yameitumia vijijini, hazihitaji chujio hilo kabisa kwa sababu oili ya kulainisha huungua pamoja na petroli.

Kundi la pili ni injini zenye chujio la karatasi lisilo na gamba, linalokaa ndani ya chumba chake chini ya kifuniko chenye skrubu mbili au tatu. Kundi la tatu ni chujio lenye gamba la chuma linalofungwa kwa kuzungushwa kama lile la gari. Hilo huonekana zaidi kwenye pikipiki kubwa.

Hata ndani ya jina moja, injini hutofautiana. Bajaj Boxer ya cc 100 na ile ya cc 150 si injini moja, na ndivyo ilivyo kwa TVS HLX za ukubwa tofauti. Kumwambia muuzaji “nataka ya Boxer” au “nataka ya TVS” hakutoshi. Kinachohitajika ni modeli kamili, ukubwa wa injini na mwaka. Na panapowezekana, namba ya kipuri iliyo kwenye kitabu cha pikipiki au iliyochapishwa kwenye chujio la zamani.

Jina kwenye boksi halitoshi

Makampuni makubwa ya machujio, kama Hiflofiltro, Mahle na K&N, hayaundi pikipiki, lakini huchapisha orodha zinazoonyesha chujio lao lipi linachukua nafasi ya namba ipi ya kiwandani. Chujio la Hiflofiltro namba HF204, kwa mfano, huingia katika modeli nyingi za Honda, Kawasaki na Yamaha. Mfano huo unaonyesha kwamba chujio la kampuni nyingine linaweza kuwa sahihi kabisa, ilimradi mtengenezaji amelipima kwa ajili ya injini inayotajwa.

Tatizo ni boksi lisilotaja namba yoyote, au lililoandikwa tu kwamba linafaa pikipiki zote. Hakuna chujio linalofaa pikipiki zote. Boksi la kuaminika huonyesha jina la mtengenezaji, namba ya bidhaa na modeli zinazohusika, na namba iliyo kwenye boksi hulingana na iliyo kwenye chujio lenyewe. Makosa ya tahajia kwenye jina la kampuni maarufu ni sababu tosha ya kulirudisha mezani.

Kisheria, Ofisi ya Kongo ya Udhibiti, OCC, ndiyo yenye jukumu la kukagua ubora wa bidhaa zinazoingia nchini. Lakini hakuna ukaguzi wa mpakani unaoweza kufungua kila boksi dogo, na mwishowe mnunuzi anabaki na macho na vidole vyake.

Milimita mbili zinatosha kuharibu

Njia rahisi ya kulinganisha ni kwenda dukani na chujio la zamani, limefutwa na kufungwa ndani ya mfuko. Mawili huwekwa bega kwa bega juu ya meza tambarare, kisha huangaliwa mambo manne: kimo, upana wa nje, upana wa tundu la kila upande, na mpira wa duara unaoziba tundu hilo.

Chujio likipungua kimo kwa milimita mbili, oili hupita pembeni bila kuchujwa, nalo hubaki limekaa pale kama pambo. Likizidi, kifuniko kinapokazwa hulikunja na karatasi hupasuka. Tundu likiwa pana kuliko bomba linaloingia humo, matokeo ni yale yale.

Kwa chujio la gamba la chuma, uzi wa skrubu na upana wa mpira wa kuzibia lazima vilingane. Uzi kuingia kwa mkono si uthibitisho. Machujio mengi ya Kijapani ya pikipiki hutumia uzi wa milimita 20 wenye hatua ya 1.5, na kuna machujio ya magari yenye uzi huo huo ambayo ndani yake ni kitu kingine kabisa.

Tofauti kubwa ya ndani ni vali ya usalama. Oili inapokuwa nzito asubuhi au karatasi inapoziba, vali hiyo hufunguka ili injini isikose oili, kwa kuwa oili chafu ni afadhali kuliko kukosa oili. Katika baadhi ya pikipiki vali iko ndani ya chujio. Katika nyingine iko kwenye injini au kwenye kifuniko. Chujio lisilo na vali likiwekwa kwenye injini inayoitegemea, siku litakapoziba injini itakauka. Na springi ya vali ikiwa dhaifu, vali hubaki wazi muda wote na karatasi haichuji chochote.

Ubora wa karatasi nao huonekana. Mikunjo iwe imepangwa kwa nafasi sawa, gundi iwe imeshika mzunguko mzima, na karatasi isiachie nyuzi inapoguswa. Chujio ambalo mikunjo yake imelaliana upande mmoja litafanya kazi nusu tu.

Kinachooshwa na kisichooshwa

Kuosha chujio la karatasi kwa petroli, kulipuliza kwa upepo wa kompresa na kulirudisha kunaonekana kuokoa pesa, lakini petroli hulegeza gundi, upepo hupanua matundu ya karatasi, na chembe ndogo zilizonasa ndani hazitoki. Kinachooshwa ni chekeche ya waya na kikombe cha kwenye krenki. Karatasi hutupwa.

Hesabu yake si ngumu. Motari anayetembea kilomita 100 kwa siku, siku sita kwa wiki, hufikisha kilomita 3,000 kwa wiki tano. Vitabu vya watengenezaji hutaja vipindi vya kubadilisha oili na chujio kwa matumizi ya kawaida, na vingi huelekeza kupunguza kipindi hicho penye vumbi. Barabara za mawe za Goma hazihesabiki kuwa matumizi ya kawaida. Gharama ya machujio ya mwaka mzima hailingani na ya kuchonga silinda, kununua pistoni na pete zake, na siku ambazo pikipiki imesimama huku mwenyewe akiendelea kudai. Ndiyo maana ya methali: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Chujio zuri pia haliokoi oili mbaya. Kwa kuwa klachi huogelea katika oili hiyo hiyo, chupa inapaswa kuwa na alama ya JASO MA au MA2, yaani oili iliyopimwa kwa klachi za pikipiki. Baadhi ya oili za magari zina viungo vya kupunguza msuguano vinavyofanya klachi iteleze: injini inalia, lakini pikipiki haipandi mlima.

Siku ya vidanji

Siku ya vidanji, kama ubadilishaji wa oili unavyoitwa mjini, kosa linalorudiwa ni kugeuza chujio. Baadhi yana tundu upande mmoja tu, au matundu ya ukubwa tofauti, na yakiwekwa kinyume oili huzuiwa. Kabla ya kutoa la zamani, inafaa kulipiga picha kwa simu likiwa bado mahali pake, pamoja na springi yake. Mpira wa duara hubadilishwa, hupakwa oili kidogo, na skrubu za kifuniko hukazwa kwa kiasi, kwa kuwa nyuzi za alumini hukatika upesi.

Injini ikishawashwa huachwa ingurume taratibu kwa dakika moja au mbili, ikaguliwe kama inavuja, izimwe, kisha kiwango cha oili kipimwe upya kama kitabu kinavyoelekeza. Chujio la zamani nalo halitupwi kabla ya kukatwa na kukunjuliwa. Unga mweusi ni wa kawaida. Vipande vinavyong'aa, hasa vinavyovutwa na sumaku, ni onyo kwamba ndani kuna gia au beringi inayokufa.

Oili iliyotoka nayo inahitaji mahali pake. Shirika la Mazingira la Marekani, EPA, linaeleza kuwa oili ya ubadilishaji mmoja inaweza kuchafua galoni milioni moja za maji safi. Mawe ya lava ya Goma yana matundu na hupitisha vimiminika, na watu wengi mjini huteka maji ya Ziwa Kivu. Kuimwaga kwenye mtaro au juu ya mawe ni kuielekeza huko. Dumu lenye kifuniko kwenye karakana, ambamo pia machujio ya zamani huachwa yachuruzike usiku kucha kabla ya kutupwa, linatosha kuanzia.